Bunduki Aliyoagizwa Yaqoob

Miaka ya elfu mbili na ushei, mtu wa Maskati mwenye mbuzi au mitende, aliyechoshwa na mbweha, kunguru au mbwa koko, alikuwa akielekezwa Darsait, ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri vya magari, kwa Yaqoob bin Aflah. Yaqoob hakuwa muuzaji wa bunduki wala fundi wake. Alikuwa karani mstaafu wa bohari ya serikali, mwembamba, mwenye makovu ya meno kwenye kifundo cha mkono wa kushoto na ulimi mkali kupita hayo meno. Alikukaribisha kahawa, akakuacha uisifu bunduki uliyoitamani mpaka uchoke, kisha akakuuliza mambo matatu: unaua mnyama gani, unampiga kutoka umbali gani, na nyumbani anakaa nani. Ukishajibu, alikwambia ununue ishirini na mbili, ile ndogo ya risasi nyembamba, na usimpotezee wakati. Ukimtajia bunduki kubwa, alisimama akakufungulia mlango. Na ukiwa umeshafika kwenye ngazi bado alikufuata kwa sauti kutoka juu: “Na mkeo mwambie umenunua ipi.”

Wengi waliteremka wakicheka. Walidhani mzee ana uchizi kidogo, na hakuna aliyerudi juu kumuuliza kwa nini.

Alizaliwa shamba, Unguja, kwenye nyumba ya mawe yenye minazi nyuma yake. Mwaka wa sitini na nne, bunduki zilipolia, alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa mwenye ndevu zake na nguvu zake. Baba yake alitoka mlangoni kuwauliza watu wanataka nini, akapigwa risasi pale pale kwenye kizingiti. Yaqoob alikimbilia shimo la makumbi ya nazi, pale walipokuwa wakiyaozesha kwa ajili ya kusokota kamba, akajitumbukiza kwenye yale maji yanayonuka mpaka kidevuni. Alikaa humo siku nzima na nusu akisikiliza nyumba yao ikivunjwavunjwa. Alipotoka, baba yake alikuwa ameshavimba kwa jua. Hakuna mtu aliyemlaumu hata siku moja. Alijilaumu mwenyewe, na kazi hiyo aliifanya bila likizo.

Mkewe, Khole, alikutana naye Maskati, mwaka wa sabini na sita, wote wawili wageni katika nchi waliyoambiwa ni yao. Khole naye alikuwa na ya kwake. Alikuwa mtoto wa miaka tisa mwaka ule wa sitini na nne, na mama yake alimfundisha jambo moja lililomwokoa: ukisikia bunduki, lala chini kifudifudi, funika kichwa kwa mikono, usitikisike hata ukikanyagwa. Waliingia watu nyumbani, walimruka, wakadhani kashakufa. Basi mafunzo yale yalimkaa mwilini kama kupiga chafya. Kwenye harusi za Oman, ambako wanaume hupiga bunduki hewani kumpokea bwana harusi, Khole alikuwa akilala chini jikoni katikati ya masufuria, na shanga zake na dhahabu zake, mpaka milio iishe. Wanawake wengine walicheka, naye akacheka nao akijipangusa unga.

Yaqoob alistaafu mwaka wa tisini na sita. Binti yao wa pekee, Hind, alikuwa ameshaolewa na anasomesha shule Khuwair ya Kusini. Kwa kiinua mgongo chake akanunua kiwanja Yiti, karibu na mdomo wa bonde, akajenga vyumba viwili na zizi, wakahamia. Mbuzi walikuwa wa Khole. Aliwapa majina ya mashoga zake wa utotoni, akawagombeza kwa majina hayo, na kila alfajiri baada ya sala aliingia zizini na ndoo kuwakamua. Hind alikuwa akisema mama yake hakupata kuwa na furaha kama hiyo, na nadhani alisema kweli, maana Khole alinenepa.

Mbwa walikuja baada ya Idi ndogo ya mwaka wa tisini na tisa. Walikuwa mbwa koko wa bondeni, wasio na mwenyewe, ambao zamani walikuwa wakiishia kwenye majalala. Asubuhi moja Yaqoob aliamshwa na ukelele wa Khole, akakuta zizi limegeuka machinjio ya mwendawazimu. Mbwa hawakuja kula. Walirarua matumbo na kuhamia kwa mwengine. Mbuzi saba walikuwa chini, na mmoja, mwenye mimba, alikuwa bado anatembea huku akiukanyaga utumbo wake mwenyewe. Mtoto wake alikuwa ameshatolewa nje kabla ya siku zake, yuko mchangani, mwororo, hana kichwa. Yaqoob alimkamata mama mtu akamchinja ili asiteseke, na kisu kilikuwa butu, akalazimika kukata mara tatu. Damu ilimrukia Khole usoni, naye hakujifuta.

Wiki ya pili wakarudi jua limeshatoka. Jike moja la rangi ya majivu lilisimama mbele ya Khole, hatua nne tu, likamtolea meno na kumkoromea, wala halikurudi nyuma aliporusha ndoo. Liliondoka lilipotaka lenyewe. Hapo ndipo Yaqoob alipofahamu kwamba hesabu haikuwa ya mbuzi tena. Hawa wanyama walikuwa wakimpima mkewe.

Khole mwenyewe ndiye aliyesema, wakiwa wanakunywa chai.

“Baba Hind, nunua bunduki.”

Yaqoob alimtazama asiamini masikio yake.

“Wewe? Wewe wataka bunduki?”

“Siitaki. Lakini hawa washanijua. Nnakuomba kitu kimoja tu, nunua ndogo. Ile ya mlio mdogo. Ukinipigia kubwa humu ndani ya uwa wangu, wallahi ntakufa kabla ya mbwa. Na usinioneshe, iweke huko huko kwako.”

“Ndogo,” alisema Yaqoob. “Nimesikia.”

Alikwenda Darsait kwa fundi Bakhit, mzee mwenye asili ya Pemba aliyekuwa na kibali cha kutengeneza na kuuza silaha, katika kibanda chembamba nyuma ya karakana ya mafriji. Bakhit alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akatandika gunia juu ya meza na kulaza bunduki tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya upepo. “Hii ya kunguru,” alisema. “Mbwa utamkera tu, na mbwa aliyekereka mbaya kuliko mwenye njaa.” Ya pili ilikuwa ishirini na mbili ya Kicheki, imeshatumika, kitako chake kimepasuka na kuungwa kwa gundi na msumari mmoja. Bakhit aliifungua, akampa Yaqoob achungulie ndani ya mtutu kwenye mwanga wa taa. Mistari ya ndani ilikuwa safi, inang’aa. Komeo lilikwenda na kurudi bila kukwama. Bunduki ilibeba risasi tano, na risasi zenyewe boksi zima la hamsini halifiki bei ya kuku. “Hatua arubaini, hamsini, nyuma ya mkono au chini ya sikio, mbwa anakaa chini kama kaambiwa. Mlio wake kama umevunja ubao. Tena risasi hii inabaki ndani ya mnyama. Haitoki upande wa pili kwenda kutafuta mwengine.”

Ya tatu ilikuwa bunduki ya askari wa Kiingereza wa zamani, nzito, mti wake mweusi kwa mafuta ya mikono ya watu. Yaqoob aliinyanyua bila kuulizwa. Iliegemea begani mwake vizuri mno, na Bakhit aliliona hilo.

“Iweke hiyo, sheikh. Hiyo ya vita na ya harusi. Bei yake mara mbili, risasi zake za kutafutwa, na ukimpiga mbwa nayo itampita, itapita ukuta, itapita na jirani. Mke wako kataka ipi?”

“Ndogo.”

“Basi kashakuchagulia. Mwenye akili nyumbani kwenu ni yeye.”

Wakakubaliana juu ya ile ya Kicheki, Yaqoob akaenda kushughulikia kibali. Kilichukua wiki tatu. Laiti kingechukua siku tatu.

Kwa sababu katika wiki hizo alikaa barazani na wanaume wa Yiti, na barazani kulikuwa na Thani. Thani alikuwa askari mstaafu, jirani yao wa upande wa chini, mtu mwema wa mkono na mwovu wa mdomo. Yaqoob alipowaambia kwa Kiarabu bunduki anayongojea, Thani alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

“Ishirini na mbili? Hiyo tunawapa wanawake wafukuzie ndege kwenye mbegu. Lakini si makosa yako. Nyinyi Wazinjibari bunduki mnaisikia kwa mbali, mkiwa mnakimbia.”

Baraza zima lilicheka. Ulikuwa utani, na Thani angeutoa kwa mtu yeyote, kesho yake angekuletea samaki. Hakujua kuna shimo la makumbi. Yaqoob alicheka pamoja nao, akanywa kahawa yake ya tatu, akatikisa kikombe kuonesha imetosha, akaaga kwa adabu. 

Kibali kilipotoka alirudi kwa Bakhit na pesa za nyongeza alizomkopa mkwewe, akachukua ile kubwa. Bakhit hakubishana sana, alikuwa mfanyabiashara mwisho wa yote. Aliuliza tu: “Na bibi?” Yaqoob akajibu kwamba hayo ni ya kwake.

Nyumbani alimwambia Khole kwamba amenunua ndogo.

Hakupanga kusema uwongo. Alifungua mdomo akitaka kueleza, akauona uso wa mkewe ulivyopumzika kwa kumwona tu kafika salama, na uwongo ukatoka wenyewe. “Ndogo,” alisema, “ya Kicheki.” Khole akamshukuru, akamwambia sasa atalala. Bunduki iliwekwa ghalani ndani ya gunia la pumba, na Khole, kama alivyosema, hakutaka kuiona. Mwezi mzima hakuiona. Yaqoob alikuwa akiifuta mafuta peke yake na kuielekeza ukutani, na, aibu iliyoje kusema, alikuwa akijiona kijana.

Sasa, kuna jambo ambalo Thani na wenzake walilijua bila kulifikiria, na Yaqoob hakuwa amelifikiria kabisa. Yiti nzima, harusi ikiwa na Idi ikiwa, bunduki kubwa hulia kwanza. Baada ya milio huja kuchinja, na baada ya kuchinja matumbo na mifupa hutupwa mdomoni mwa bonde. Mbwa wa bondeni walizaliwa katika desturi hiyo na mama zao walizaliwa humo. Mbwa wa kwengine akisikia bunduki hukimbia. Hawa walikuwa wameshajifunza kwamba mlio ule ni wito wa chakula.

Walikuja Jumatatu, baada ya sala ya alfajiri, mwanga umeshaanza kuwa mweupe. Yaqoob aliwaona kutoka mlangoni mwa ghala, sita, wakiambaa na ua wa chini, na lile jike la majivu mbele. Khole alikuwa zizini nyuma ya nyumba na ndoo yake. Yaqoob alitoa bunduki kwenye gunia akiwa mtulivu kuliko alivyopata kuwa maishani mwake. Alipiga goti, akamlenga jike, akafyatua.

Mlio ulipasua bonde zima na kurudi mara mbili kutoka milimani. Jike lilikatika kiunoni. Nusu ya mbele iliendelea kujikokota ikibweka, ya nyuma ilibaki pale. Yaqoob alihisi kitu kama kicheko kikimpanda kifuani, akajua Thani kasikia, akajua Yiti yote imesikia.

Wale watano hawakukimbia. Waliinua vichwa. Halafu kutoka bondeni wakatokea wengine, wanne, saba, hakuweza kuhesabu, wanakuja mbio masikio mbele, na wote walimpita yeye kama vile hayupo, wakafuata harufu ya mbuzi.

“Khole, panda juu ya banda!” alipiga kelele. “Khole!”

Banda la mbuzi, humo humo zizini, lilikuwa na paa la bati na ngazi ya mbao kando yake. Mtu mzima angepanda kwa kupumua mara tatu. Alipozunguka pembe ya nyumba alimkuta mkewe amelala kifudifudi katikati ya zizi, mikono juu ya kichwa, maziwa yamemwagika mpaka kwenye magoti yake. Hakuwa ameguswa bado. Alilala tu, ametulia tuli, kama alivyofundishwa.

Mbwa wa kwanza aliruka ua na kumshika bega. Wa pili alimshika nyuma ya paja. Khole hakutikisika wala hakupiga ukelele. Alijizuia kama alivyojizuia akiwa na miaka tisa, na mbwa, kwa kuwa nyama haikupigana nao, wakaanza kula.

Yaqoob aliinua bunduki akaiweka chini ya jicho, na hapo akaikumbuka sauti ya Bakhit. Risasi ile ingempita mbwa ikaingia kwa Khole. Popote alipolenga, nyuma ya mbwa alikuwa Khole. Aliigeuza akaishika mtutu, ukiwa bado wa moto, akaingia nayo kama mchi. Alimpiga wa kwanza kwenye fuvu akasikia linavyobonyea. Alimpiga wa pili mgongoni, mara nne, mpaka miguu ikanyooka. Wa tatu alimng’ang’ania kifundo cha mkono, naye akamkandamiza kwenye nguzo ya zizi na kumpondaponda mbavu kwa goti huku akilia kwa sauti. Mbuzi walikuwa wakirukiana ukutani na kuvunjika shingo. Thani na watu wawili walifika na mapanga na marungu, wakaua waliobaki ndani na kuwafukuza wengine. Ilipokwisha, zizi lilikuwa na matope, na matope yale hayakuwa ya mvua.

“Khole,” alisema Yaqoob, amepiga magoti. “Washaondoka. Nyanyuka.”

Ndipo Khole alipoanza kutetemeka, na mikono yake bado iko juu ya kichwa, na mkono mmoja nyama yake imeondoka mpaka mfupa.

Thani aliendesha gari mwenyewe mpaka hospitali, mkono juu ya honi njia nzima. Madaktari walishona na kukata na kushona tena. Siku ya pili Khole alipata fahamu. Hind alikuwa kamshika miguu, kwa kuwa kwengine hakukuwa na pa kumshika. Yaqoob alikuwa upande wa kichwa, mkono wake umefungwa bendeji.

“Baba Hind,” alisema Khole, na sauti yake ilitoka kama inapita kwenye kitambaa. “Wewe hawakukupata?”

“Nani?”

“Wale watu waliopiga bunduki. Nlidhani washakuuwa mlangoni.”

Hind alimtazama baba yake. Yaqoob angeweza kusema lolote. Angeweza kusema ni wanaume wa kijijini, na mkewe angelala nalo. Lakini alikuwa ameshasema uwongo mmoja na alikuwa anautazama, umelazwa mbele yake na mirija puani.

“Hapakuwa na watu, Khole. Ni mimi. Sikununua ndogo.”

 Khole hakukasirika, na hilo ndilo Yaqoob alilokuja kumlaumia baadaye, akiwa peke yake, kwamba hakumkasirikia hata kidogo. Alikuwa akifikiri tu, kama mtu anayetafuta alipokosea kwenye mapishi.

“Ungenambia,” alisema. “Ningejua ni wewe. Ningesimama.”

Alikufa Alhamisi adhuhuri, kwa sumu ya vidonda. Hind alimzuia baba yake asiingie kumwona anapofunikwa, si kwa kumwonea huruma.

Matanga yalikaliwa Yiti siku tatu, wanaume barazani kwa Thani. Watu walikuja kutoka Darsait, kutoka Khuwair, hata Bakhit alikuja, akakaa karibu na viatu. Waliokuja walitaka kusikia, na Thani aliwasimulia: namna Mzinjibari huyu alivyomkata mbwa vipande viwili kwa risasi moja, namna alivyoingia katikati yao na kitako cha bunduki, alivyoua watatu mkono ukiwa mdomoni mwa mmoja. Alisimulia kwa heshima na kwa machozi ya kweli. Siku ya tatu alimaliza hadithi yake, akamwekea Yaqoob mkono begani mbele ya baraza zima.

“Wewe ni mwanamume, Yaqoob. Mlio wa bunduki yako tuliusikia sote, mpaka waliokuwa ufukweni.”

Yaqoob alikuwa ameshika birika. Alimmiminia Thani kahawa, akamkabidhi kikombe kwa mkono wa kulia kama inavyotakiwa.

“Khole naye aliusikia,” alisema, akaenda kwa mgeni anayefuata.